Yangeyange Aliyeosha Mizizi

Paukwa!

Pakawa!

Huko nyuma mmeitika au mmepiga miayo? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa bustani, bustani ikawa na mwenyewe, mwenyewe akawa na miiba mgongoni. Sogeeni basi. Na nyinyi wakubwa sogeeni, msijifanye mmewasindikiza watoto tu.

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, alikuwepo Bi Nungunungu. Bi Nungunungu alikuwa mganga. Bustani yake ilikuwa kwenye mteremko, juu kidogo ya mto, na ndani yake alipanda mishubiri arobaini. Mshubiri mnaujua. Majani manene, yana meno pembeni, ukilivunja moja linatoa maji mazito, tena machungu, uchungu wa kumfanya mtu ataje majina ya babu zake wote. Mnyama akichanwa na mwiba, anakwenda kwa Bi Nungunungu. Akiungua na moto wa nyika, anakwenda kwa Bi Nungunungu. Anapakwa shubiri, analia, anapona. Ndivyo ilivyokuwa. Unapakwa, unalia, unapona.

Ila bustani yenyewe ilikuwa chafu. Udongo mweusi. Majani yameoza. Mizizi imejaa matope, na ukiinama unasikia harufu ya chini ya jiwe. Wageni waliokuja pale walikanyaga kwa ncha za kwato.

Siku moja ikaja habari kwamba binti yake Bi Nungunungu, aliyeolewa nyuma ya vilima, yu karibu kujifungua. Mama hana budi kwenda. Angekaa huko miezi miwili. Sasa bustani amwachie nani? Akamfikiria Ngiri. Ngiri angeila. Akamfikiria Pelele. Pelele hushinda amelala juu ya jiwe, na akiamka ni kwa kulalamika. Ndipo akamwona Yangeyange.

Yangeyange ni ndege mweupe. Mweupe kama kanzu ya Idi. Alikuwa akiishi mgongoni mwa Nyati, rafiki yake, akila nzi na kupe wanaomsumbua Nyati. Lakini huyu Yangeyange alikuwa na mambo yake. Alioga mara tatu kwa siku. Akikamata nzi, hamli hivihivi. Anashuka chini, anamfuta kwenye majani, upande huu, upande huu, ndipo anamla. Nzi wengine walikuwa wakikimbia wakati wa kufutwa, naye analala njaa, lakini analala njaa akiwa msafi.

Bi Nungunungu alimweleza kwamba kazi yenyewe ni ndogo. Mgonjwa akija, kata jani, umpake. Mwizi akija, mfukuze. Mengine yote yaache yalivyo. Akalisema hilo mara tatu. Yaache yalivyo, yaache yalivyo, yaache yalivyo. Yangeyange akaitikia mara tatu. Bi Nungunungu akashika njia, cha-cha-cha, cha-cha-cha, miiba inagongana, mpaka mlio ukapotelea nyuma ya kilima.

Yangeyange akabaki na uchafu.

Siku ya kwanza akavumilia. Siku ya pili akavumilia. Siku ya tatu aling'oa mshubiri mmoja, auangalie tu. Akaiona mizizi. Ilikuwa imevaa udongo kama soksi, udongo umenata, juu yake una ute unaoteleza. Yangeyange alifumba macho. Alijiuliza inawezekanaje dawa ya kupaka wagonjwa iwe na miguu ya namna hii.

Akaupeleka mtoni. Chwaa, chwaa, chwaa. Akaisugua mizizi kwa mdomo, mmoja mmoja, kama mtu anayesafisha meno ya kitana. Udongo ukaenda na maji, ute ukaenda na maji, mizizi ikatoka myeupe. Yangeyange alifurahi mpaka akacheka peke yake. Akarudi, akang'oa wa pili. Chwaa, chwaa, chwaa. Wa tatu. Chwaa, chwaa, chwaa. Aliosha siku nne, mpaka akamaliza yote arobaini.

Halafu akayatazama mashimo. Meusi. Atairudishaje miguu misafi mahali pale? Akamwita Nyati. Akamwomba akwangue udongo wote mweusi kwa pembe, ausukumie mtoni, kisha abebe mchanga mweupe wa kando ya mto, aulete bustanini. Nyati aliuliza mara moja tu, kwa nini. Yangeyange akaeleza. Nyati hakuelewa, akainamisha kichwa, akaanza kukwangua. Alikuwa rafiki wa namna hiyo. Haelewi, lakini anabeba.

Mishubiri ikapandwa upya kwenye mchanga mweupe, mistari imenyooka. Ikang'aa. Wanyama wakaja kuangalia. Wengine walifuta kwato kabla ya kuingia. Waliisifu bustani, wakamsifu Yangeyange, wakasema Bi Nungunungu atakaporudi hatapatambua kwake. Hilo walilipatia kabisa. Yangeyange akatembea katikati ya mistari, shingo imenyooka, kama mwenye harusi.

Wiki ya kwanza ikapita vizuri. Wiki ya pili majani yakaanza kusinyaa. Yangeyange akadhani ni vumbi, akayaosha. Wiki ya tatu majani yakageuka rangi, yakawa mekundu kama matofali. Akayaosha tena. Wiki ya nne ukaota ukungu mweupe kwenye mashina. Huo Yangeyange hakuuosha. Aliupenda, kwa sababu ulikuwa mweupe.

Ikawa siku moja ya wiki hiyo Nyati anashuka mtoni, mguu wake wa nyuma ukaingia kwenye kisiki. Kraa! Nyama ikachanika, juu kidogo ya ukwato. Akapanda mteremko akichechemea, damu inamfuata. Yangeyange hakuhangaika. Alimwambia alale chini, amefika mahali penyewe. Akaenda kukata jani.

Akalivunja. Zamani jani likivunjwa, maji mazito yanamwagika. Hili likatoa tone moja. Akalionja lile tone. Lilikuwa kama maji ya mvua. Akalipaka kwenye kidonda. Nyati akakaza meno, akafumba macho, akasubiri kulia.

Akasubiri.

"Haiumi," akasema Nyati.

"Si ndiyo vizuri?" akasema Yangeyange.

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wanafahamu kwamba si vizuri.

Kesho yake mguu ulivimba. Keshokutwa ukavimba zaidi. Yangeyange akakata majani mengine, akapaka, akapaka tena, ni kama kumpaka mtu umande. Nzi wakaja kwa wingi. Yangeyange akasimama juu ya mguu ule kutwa nzima, akiwadonoa. Aliwala bila kuwafuta. Hata hakutambua kwamba hawafuti.

Na shida haikuwa kidonda peke yake. Nyasi za malisho ya upande ule wa mto zilikuwa zinakwisha. Kiongozi wa kundi la nyati alikuwa ametangaza kwamba mwezi ukiandama tena, kundi litahamia malisho ya mbali, mwendo wa siku tatu. Mwenye miguu atakwenda. Asiye na miguu atabaki. Hakulisema kwa ubaya. Kundi lina ndama, haliwezi kumngoja mtu mmoja. Mwezi wenyewe ulikuwa umeandama juzi tu, kwa hiyo Nyati alikuwa na mwezi mmoja wa kupona.

Fisi alisikia habari hizo, akaja kumjulia hali.

Fisi huyu hakuwahi kumjulia mtu hali tangu azaliwe. Alikaa kwa adabu, akauliza mguu unaendeleaje, akauliza kama maumivu yamefika kwenye paja, maana paja ndilo lililokuwa likimtia wasiwasi yeye. Siku ya pili akaja na mkewe. Mkewe aliuliza kundi linaondoka lini hasa, asubuhi au jioni. Siku ya tatu wakaja na watoto, wakawakalisha mstari mmoja mbele ya Nyati, wakawaambia wamwamkie mjomba. Watoto wa Fisi wakamwamkia mjomba, mate yanawatoka.

Nani anacheka? Nyati hakucheka. Fisi walipoondoka, alimwambia Yangeyange kwamba akishindwa kutembea, Yangeyange aende na kundi, atafute mgongo mwingine. Yangeyange aligeuka upande, akajifanya anamtafuta nzi.

Asubuhi iliyofuata Yangeyange alikuwa amesimama bustanini, hana la kufanya. Mchanga ukatikisika. Ukainuka. Puu! Kikatoka kichwa. Macho madogo, karibu hayaoni, meno mbele kama majembe mawili. Alikuwa Mama Fuko, anayekaa chini ya ardhi, jirani wa Bi Nungunungu wa miaka mingi. Alipiga chafya mara tano, maana pua ilikuwa imejaa mchanga, akauliza mwenye bustani yuko wapi.

Akaambiwa amesafiri. Akauliza nani anayesimamia. Yangeyange akasema ni yeye.

Basi Mama Fuko akafungua malalamiko yake. La kwanza, mchanga huu haushikani, unavuja. Unamwagikia jikoni kwake. Mwezi mzima anakula viazi vyenye mchanga, na meno ndiyo hayo, yamesagika. La pili, ndilo lililomtoa nje, hapati usingizi. Kumekuwa kimya mno. Miaka yote alilala akisikia wenzake wa juu wakifanya kazi, nyee-nyee-nyee, nyee-nyee-nyee, na sasa hakuna hata mmoja anayekohoa.

"Wenzako gani?" akauliza Yangeyange.

"Wadogo wa mizizini. Umehamisha mtaa mzima, baba, na hujui umemhamisha nani?"

Yangeyange akasema yeye hakuona mtu. Mama Fuko akasema bila shaka hukuona, hata mimi siwaoni, lakini mimi nina masikio.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye mizizi ya mimea wanaishi viumbe wadogo. Wadogo kiasi gani? Kwenye ncha ya unywele mmoja wa mzizi wanaweza kufanya harusi, wakaalika ukoo wote, na wapishi wakapata nafasi. Siku hizi shuleni mnawaita bakteria. Mama Fuko aliwaita Wadogo. Najua kuna wengine ni wabaya, wanaleta maradhi, na kwa ajili ya hao mtanawa mikono kabla ya kula, leo na kesho. Asije mtoto akaniambia bibi alisema tusinawe. Mimi nawasema hawa wa mizizini, na hawa wana kazi zao.

Mama Fuko alizieleza moja moja. Wako wapishi. Udongoni kuna vitu vigumu, mzizi hauna meno ya kuvitafuna, wao wanavilainisha mpaka vinakuwa uji. Wako wanaovuta chakula kutoka hewani na kukishusha chini. Wako walinzi, ukungu ukija wanaufungia mlango. Na wako wachokozi. Hawa kazi yao ni kuuchokoza mshubiri tu, wanautekenya, wanaufinya, mpaka mshubiri unakasirika. Na hasira ya mshubiri ndiyo ule uchungu. Ndiyo dawa yenyewe. Mshubiri nao unawashushia utamu wake chini, wanakula. Kila mtu anashiba.

"Ule ute ulioona kinyaa kuushika," akasema Mama Fuko, "ulikuwa chakula chao cha jioni."

Yangeyange akakaa chini. Akautazama mshubiri uliosimama mbele yake, mwekundu, umekonda, msafi. Akaona kwamba ameuacha peke yake mchangani, hauna mpishi, hauna mlinzi, hauna hata mtu wa kuukasirisha. Na mguu wa rafiki yake ukamjia mbele ya macho.

Aliuliza kwa sauti ndogo kama wamekufa. Mama Fuko akasema wengine walikufa, lakini wengi maji yaliwachukua mpaka kwenye kona ya mto, penye matete. Wako huko matopeni. Wamebanana, na wamenuna.

Wakaenda. Mama Fuko chini kwa chini, Yangeyange juu, mpaka kwenye kona ya mto. Tope la hapo lilikuwa jeusi, zito, lina harufu ya yai viza. Yangeyange alisimama kwenye jiwe. Mama Fuko akaweka sikio topeni, akawa mkalimani.

Yangeyange aliwasalimu. Aliomba radhi. Alieleza habari ya Nyati, mguu, kundi, Fisi na watoto wake. Akawasihi warudi. Wadogo walisikia, wakasema jambo hili ni zito, lazima waliitie mkutano na kila mmoja aseme.

Sasa Wadogo wana tabia moja. Hawazai kama sisi. Mmoja anakaa, ananenepa, anakatika katikati, wanakuwa wawili. Wale wawili wanakuwa wanne. Na hawachagui wakati. Mkutano ulianza wakiwa elfu. Msemaji wa kwanza hajamaliza kusafisha koo, wamekuwa elfu mbili, na nusu yao ndio kwanza wamezaliwa, wanauliza tumeitiwa nini hapa. Ikabidi waelezwe upya. Mguu, kundi, Fisi. Maelezo hayajaisha, wamekuwa elfu nne. Nyati ni nani, wakauliza wageni. Mama Fuko akainua kichwa.

"Wameanza tena," akasema.

Walianza tena mara kumi na moja. Jua likapanda, jua likashuka. Mama Fuko sikio limeingia maji, sauti imekauka, anasema mguu, kundi, Fisi, kama mtu anayeota. Mwishowe wakatokea wazee wachache waliokumbuka mkutano unahusu nini, nao wakatoa jibu. Walisema hawarudi. Walikuwa wamekaa kwa amani, akaja mtu mweupe akawasukuma mtoni. Wakirudi leo atawaosha kesho. Na zaidi ya hapo, wao hawana miguu wala mabawa, watabebwa na nani? Ndege mweupe namna hii hawezi kuwagusa.

Yangeyange alisikia. Alilitazama tope. Akayatazama manyoya yake, alikuwa ametoka kuoga asubuhi ile. Akashuka kwenye jiwe.

Akatia mguu mmoja. Fyoo. Akatia wa pili. Fyoo. Akatia kifua. Akatia mabawa. Akainamisha shingo, akatia na kichwa, akajigeuza kama punda anayegaagaa, upande huu, upande huu, mpaka pakabaki macho mawili tu.

"Wanasemaje?" akauliza.

Mama Fuko akasikiliza. "Hawasemi tena. Wanapanda."

Yangeyange akarudi bustanini kwa miguu, maana mabawa yalikuwa yameshikana. Njiani alikutana na wale waliomsifu, wakampisha njia, mmoja akamwita Kunguru. Alikutana na Fisi. Fisi alimnusa, akaingiwa na matumaini, akamuuliza kama yeye mwenyewe bado yu hai.

Kazi ikaanza. Mishubiri kumi na saba ilikuwa imeoza kabisa. Ikabaki ishirini na mitatu. Yangeyange aliung'oa mmoja mmoja, akaipaka mizizi lile tope la mwilini mwake, mzizi kwa mzizi, akirudi matopeni kila lilipokwisha. Nyati safari hii hakuweza kubeba. Yangeyange alibeba mwenyewe, udongo mweusi wa msituni, na majani yaliyooza, kwa mdomo, kidogo kidogo, siku tatu, usiku na mchana. Mama Fuko alisukuma mchanga nje kwa chini, akisema anafanya kwa ajili ya jiko lake, si kwa ajili ya mtu. Mistari ikaenda upogo. Hakuna aliyekuja kuangalia.

Kisha wakangoja. Kila asubuhi Mama Fuko alitoa kichwa na kutoa taarifa.

"Kimya."

Kesho yake, kimya. Kesho yake, kimya. Mwezi ukajaa, ukaanza kupungua. Nyati alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, na Fisi alikuwa sasa anakuja asubuhi na jioni, amezoea, anajikaribisha. Yangeyange hakuoga siku zote hizo. Aliogopa asije akawaosha tena bila kujua. Alikaa mchana kutwa juu ya mguu wa Nyati akiwadonoa nzi, na usingizi ulipomshika alilala hapohapo amesimama.

Siku ya sita Mama Fuko alisema amesikia mmoja amekohoa. Siku ya saba akasema hana hakika, huenda ni yeye mwenyewe aliyekohoa.

Siku ya nane hakutokea. Jua likachomoza, hakutokea. Jua likapanda, hakutokea. Yangeyange aliingiwa na hofu kwamba amepatwa na jambo. Akagonga ardhi kwa mdomo, ko-ko-ko. Akagonga tena. Mama Fuko akatoka, macho yamevimba, amekasirika vibaya, akauliza ni adabu gani hii ya kumwamsha mtu.

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimelala. Siku arobaini sijalala." Wote wawili wakatambua amesema nini. Mama Fuko akarudisha kichwa chini, akasikiliza, akatoka tena, na sasa hakuwa amekasirika. "Wamerudi kazini, baba. Wanagombana hata mtu haelewani na mwenzake."

Baada ya hapo jani moja likanenepa. Likafuatwa na jingine. Ule wekundu ukaondoka, ukijani ukapanda kutoka chini, ukungu ukakauka na kuanguka. Yangeyange alionja, akakuta uchungu mdogo, kama wa mchicha. Akangoja kwanza. Akaonja tena, zimebaki siku tisa mwezi uandame. Safari hii uchungu ulikuwa ule wa zamani. Machozi yakamtoka, ulimi ukafa ganzi, akayumba mpaka akaegemea mshubiri. Akakata majani matatu, akakimbia.

Fisi na watoto wake walikuwa tayari wamekaa kwa Nyati. Yangeyange hakuwasalimu. Akalivunja jani, maji mazito yakamwagika, akayamimina kwenye kidonda.

Nyati akalia. Alilia mpaka ndege wakaruka mitini ng'ambo ya mto. Watoto wa Fisi wakakimbia, baba yao akawafuata akisema anawarudisha, hakuwarudisha wala hakurudi.

"Inauma?" akauliza Yangeyange.

"Inauma sana, ndugu yangu."

"Mungu ashukuriwe," akasema Yangeyange, akaanza kulia yeye.

Alimpaka asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili uvimbe ulishuka. Siku ya nne kidonda kikakauka pembeni. Siku ya sita Nyati alisimama. Siku ya saba akashuka mtoni mwenyewe, taratibu, akichunga visiki. Zikawa zimebaki siku mbili.

Jioni ya mwisho kabla kundi halijaondoka, ukasikika mlio nyuma ya kilima. Cha-cha-cha. Bi Nungunungu alirudi, amepata wajukuu wawili. Akaingia bustanini. Akaona mishubiri ishirini na mitatu badala ya arobaini. Akaona mistari imepinda. Akaona ndege mweusi asiyemjua, amejikunja pembeni.

Yangeyange alimweleza yote. Hakuficha. Alieleza kuosha, alieleza mchanga, alieleza Nyati, mkutano na tope. Mama Fuko akatoa kichwa akaongeza habari ya jiko lake. Bi Nungunungu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavunja jani, akalamba. Jicho lake moja likajifumba lenyewe. Akakaa chini.

"Miaka yote hii," akasema, "mimi sikujua kwamba wapo."

Yangeyange akamwambia, lakini bibi, ulisema niyaache yalivyo, tena mara tatu.

Bi Nungunungu akatazama chini. "Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa naona aibu. Sikutaka uguse ukaona palivyo pachafu. Nilidhani ni uvivu wangu tu. Njia nzima kutoka kwa binti yangu nimekuwa nikipanga, nikifika nitafute mtu anisaidie kuosha."

Kulipopambazuka kundi likaondoka, Nyati akiwa katikati, na Yangeyange mgongoni kwake. Bi Nungunungu akachimba mashimo kumi na saba. Akapanda miche mipya, na kila mche alipoutia shimoni, aliuchotea konzi moja ya udongo kutoka kwenye mizizi ya mshubiri mkongwe, akauwekea miguuni. Kisha akajifuta mikono, akaingia ndani kulala, na hakuona aibu tena.

Basi, wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi. Hadithi hii inatufunza hivi. Usiondoe kitu ambacho hujaijua kazi yake. Na wale usiowaona usidhani hawapo, wala usidhani hawafanyi kitu. Huenda ndio wanaokuweka mzima. Na ukiharibu, jishushe, uchafuke, utengeneze.

Hadithi yangu naitua hapa, mabega yameniuma. Aliyeisikia amsimulie aliyesinzia.